Gundi Iliyolala

Tulipomzika ndugu yangu Kamau, nilifanya jambo lililowaaibisha watoto wake. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya meza mbili uani, limetandikwa kitambaa cheupe, na watu walikuwa wanapita mmoja mmoja kuaga. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikakisogeza kile kitambaa, nikaweka pua kwenye kona, pale mbao mbili zinapokutana, nikanusa. Kisha nikazunguka nikanusa kona ya pili. Mjukuu mmoja akauliza kwa sauti, "Cucu anafanya nini?" na mama yake akamfinya. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi akaja kunishika mkono kwa upole, akidhani majonzi yamenizidi.

Halikuwa na harufu. Liling'aa kama gari jipya, lilikuwa na vishikio vya rangi ya dhahabu, na mbao zake hazikuwa mbao bali vumbi la mbao lililoshindiliwa na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Gundi ya siku hizi ni nyeupe kama maziwa, hukaa kwenye chupa ya plastiki na hainuki chochote. Nilirudi kukaa nikiwa nimeridhika. Ninyi wa rika langu mlioishi Thika miaka ile, mliokuwa mkipita karibu na karakana ya seremala huku mmefunika pua, huenda mmeshaelewa nilikuwa natafuta nini. Watoto wa Kamau hawakuelewa, na siku ile haikuwa siku ya kuwaeleza.

Mama yetu alikuwa akichuma kahawa katika shamba moja upande wa Ruiru. Baba alikuwa amechukuliwa na askari asubuhi moja, wakati wa hali ya hatari, akapandishwa lori pamoja na wanaume wengine wa pale shambani, na hakurudi wala hatukuambiwa alikopelekwa. Kwa hiyo mama alipoanza kukohoa tulikuwa watoto watatu tuliomtegemea yeye tu: mimi niliyekuwa wa kwanza, Nyokabi aliyenifuata, na Kamau aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Alikohoa msimu mzima wa mavuno. Kahawa ilipokwisha mitini, naye akaisha.

Alizikwa kwa cucu, yaani bibi yetu, mama yake mzazi, kule Gitothua. Tata, yaani dada yake mama, alikuwa mtu wa kanisa, na alishikilia kwamba dada yake azikwe ndani ya sanduku. Cucu alilichukia jambo hilo. Yeye alikuwa mtu wa zamani. Kwao maiti hakuguswa wala hakukaribiwa, na aliyemgusa alibaki na uchafu ambao ulihitaji mnyama achinjwe ndipo umtoke.

"Mnamfungia mtoto wangu kwenye kabati?" alisema. "Kwani yeye ni nguo?"

"Mama, ndivyo watu wa Mungu wanavyozikwa," tata akamjibu. "Na sanduku limeshaagizwa Thika, kwa fundi ninayemjua."

Likaja juu ya basi, limefungwa kamba katikati ya magunia ya viazi na kizimba cha kuku. Wanaume wa kanisa wakamlaza mama ndani, wakapigilia kifuniko, wakaliweka sebuleni. Cucu alihamia kwenye kibanda cha mbuzi na akasema hatatoka huko mpaka kitu hicho kiondoke kwake.

"Wewe ndiye mkubwa," tata akaniambia. "Nenda ukamuage mama yako. Weka mkono juu, useme kwaheri, wadogo zako waone jinsi ya kufanya."

Nilikwenda. Mama alikuwa amekufa jana yake tu, na mtu niliyemfahamu alikuwa na harufu ya majani ya kahawa, moshi na sabuni ya mche. Lakini nilipokaribia sanduku nilipokelewa na uvundo ambao sijui kama nitaweza kuuelezea. Haukuwa uvundo wa choo wala wa panya aliyefia darini. Ulikuwa na utamu mchafu ndani yake, ukashuka mpaka kooni ukakaa hapo kama kitu cha kumezwa. Nilizuia pumzi nikaweka mkono. Ndipo nikaona, kwenye kona, karibu na mkono wangu, tone la rangi ya kahawia lililotoka katikati ya mbao mbili likateremka polepole. Kidole changu kilikuwa kimeligusa. Nilipokivuta, tone lile lilivutika likawa uzi.

Nilidhani ni mama. Nilidhani ndiye anayevuja.

Sikusema kwaheri. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikatapika, kisha nikasugua kidole kwenye udongo, kwenye nyasi, kwenye ukuta, mpaka ngozi ikachubuka. Cucu aliniona kutoka kwenye kibanda chake. Hakuja. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyeshaonya, "Umemnusa, sasa harufu hiyo itakaa na wewe." Nami nilimwamini. Nilikuwa darasa la tatu, nilijua kusoma na kujumlisha, na nilimwamini kabisa.

Tata alituchukua akatupeleka Thika, kwenye chumba chake kimoja huko Makongeni, alikoishi na wanawe. Vitu vya mama tulivyobeba vilikuwa blanketi, sufuria na kitambaa chake cha kichwa, cha buluu chenye vidoa vyeupe. Nyokabi alikitundika kwenye msumari nyuma ya mlango ili Kamau akione kila anapolala, maana Kamau alikuwa akimlilia mama usiku. Mimi sikuweza kukisogelea. Nilikuwa na hakika kwamba nikikiweka puani nitaukuta ule uvundo, na kwamba hicho ndicho kitu pekee mama alichotuachia. Blanketi nililiacha kwa wadogo zangu nikalala na gunia. Wakasema nina roho nzuri. Haikuwa roho nzuri, ilikuwa kinyaa.

Shule iliishia hapo. Tata hakuwa mtu mbaya lakini alikuwa mtu wa kusema mambo yalivyo. "Chumba ni hiki, mnakiona," aliniambia. "Kamau atachukuliwa na watu wa baba yako. Nyokabi kuna nyumba Ruiru inataka mtoto wa kubembeleza mtoto. Wewe utabaki unisaidie. Au utafute kazi, ulete unga, mkae wote. Lakini siku unga ukikosekana, usije ukanililia."

Na kazi aliyonitafutia ilikuwa kwa fundi yule yule aliyemjua, Fundi Mbugua, aliyetengeneza sanduku la mama. Alihitaji mtu wa kukoroga gundi.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati lisilo na ukuta wa mbele. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya kazi yenye jiriwa ya mbao, na ukutani zilining'inia randa, misumeno na patasi, kila moja na kivuli chake cheusi cha mafuta ya mikono. Sakafu ilikuwa maranda matupu, laini, yenye harufu nzuri ya mvule na mutarakwa, mwerezi wa kwetu, na kama mtu angeishia hapo angesema seremala ana kazi safi kuliko zote. Mimi nilikuwa upande wa nyuma.

Gundi tuliitengeneza wenyewe. Kutoka machinjioni zilikuja kwato, na kutoka kiwanda cha ngozi kilikuja kile kilichokwanguliwa na kutupwa: vipande vya ngozi vyenye nyama na manyoya, vimeshaanza kulegea. Niliviloweka kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yakatoka kwa kuvuta na vidole. Nilivisuuza. Kisha nikavichemsha kutwa nzima kwa moto mdogo, nikiengua povu la kijivu, nikikoroga, uso wangu juu ya mvuke. Ikishaiva niliichuja kwa gunia, nikaimwaga kwenye sinia igande kama maini, nikaikata vipande na kuvianika juu ya waya. Fundi alipotaka kuunga kitu, nililoweka vipande vile tangu asubuhi, nikaviyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya karai la maji ya moto, maana gundi ikiguswa na moto wenyewe inaungua na haishiki.

Harufu yake ilinishika kwenye nywele, kucha, mikunjo ya viwiko. Kwenye bomba la maji la Makongeni wasichana waliniita Kwato. "Mpisheni Kwato achote, aende," walisema, na mara nyingine ilinifaa, sikupanga foleni. Nyokabi alisema nikimkumbatia anahisi kama anakumbatiwa na ng'ombe mfu. Lakini mimi nilijua jambo wasilolijua: kwamba nilinuka tangu Gitothua, na gundi ilikuwa inanifichia tu. Nikirudi jioni nililivua gauni la kazi nikalitundika kwenye ule msumari wa nyuma ya mlango, juu ya kitambaa cha mama. Kwa makusudi. Sikutaka kukiona.

Mwenzangu pale kazini alikuwa Mutua, Mkamba wa upande wa mashariki ya Thika, mtu mrefu mwenye mdomo mwepesi. Ndiye aliyekata viungo. Alikuwa akichukua ubao akaukata ncha zake ziwe meno yaliyopanuka kuelekea nje, mfano wa mkia wa njiwa, kisha kwenye ubao wa pili akachonga kwa patasi nafasi za kuyapokea. Meno yakiingia sawasawa, mbao zile hata ng'ombe wawili wakivuta hawazitenganishi. Mutua alijua kufanya hivyo na alipenda kuonwa akifanya. Lakini Fundi Mbugua hakuwa na subira. "Harakisha, harakisha, tunachonga meno ya mchumba?" Naye Mutua akaharakisha, meno yakalegea, na Fundi mwenyewe akaja na kopo langu la gundi, akachanganya na vumbi la msumeno, akajaza mianya kwa kidole. Ikikauka alisugua kwa msasa, akapaka vanishi. Mteja akapapasa ile kona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi alikuwa na tabasamu maalumu la wakati huo. Nililiona mara nyingi.

Hata hivyo nilikaa. Unga ulifika nyumbani. Kamau akajifunza kukimbia, akajifunza kutukana, na akaacha kumlilia mama.

Halafu zikaja mvua. Fundi alikwenda kwao kupanda, kazi ikasimama, na sufuria ikabaki na gundi iliyosalia, imefunikwa kwa ubao. Siku aliyorudi alituona tumesimama mbele ya banda na mteja ameshafika kabla yake. Alikuwa mwanamume wa makamo kutoka shamba moja la Ruiru, kofia mkononi, viatu vimejaa tope jekundu. Mkewe alikuwa amefariki. Kwenye pindo la koti lake alikuwa amening'inia mtoto wa kike, mdogo, wa umri ambao meno ya mbele hayapo.

"Hakubali kuachwa kwa mtu mwingine," yule baba alisema, kama anayeomba radhi. "Lori ya shamba inarudi Ruiru jioni. Nikiweza kupata sanduku niende nalo…"

"Utalipata, mzee. Pole sana. Kaa hapo," Fundi alisema. Kisha akanigeukia. "Wee, washa moto. Usiloweke mpya. Tumia hiyo iliyolala."

Nikawasha. Nikatoa ule ubao juu ya sufuria. Gundi ilikuwa imeota ngozi ya ukungu wa kijani wenye nywele, na chini ya ukungu imekuwa maji. Niliiweka kwenye karai. Maji yalipopata moto, ikaanza kupumua.

Ulikuwa ule uvundo. Si unaofanana nao. Wenyewe, wenye ule utamu mchafu, ukashuka mpaka pale pale kooni ulipokaa mara ya kwanza. Kwa mara nyingine nilikuwa Gitothua nimezuia pumzi. Nilichungulia ndani ya sufuria nikimtafuta mtu. Sioni haya kusema hivyo, nilikuwa mtoto. Niliamini kwamba pale nyuma, Fundi asipokuwepo au akiwepo, watu walikuwa wakipikwa.

"Mutua," nilinong'ona. "Humu mmempika nani?"

Mutua akaacha kupiga randa, akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. "Nani! Sikiza huyu. Watu hawapikwi, wana mafuta mengi, hawashiki. Hiyo si ni kwato zako mwenyewe?"

"Zangu hazinuki hivi."

"Kwa sababu zako ni mbichi. Gundi ikilala na maji inaoza, kama nyama. Leo ndiyo unajua?"

"Nilikuwa nimeinusa."

"Wapi?"

"Gitothua. Kwenye sanduku la mama."

Mutua hakucheka tena. Alipuliza maranda kwenye randa yake ingawa hayakuwepo. "Wakati huo nao ulikuwa wa mvua," alisema mwishowe. "Sanduku la maiti hupewa iliyolala. Mbichi ni ya vitanda na makabati. Ndivyo mwenyewe anataka. Mimi nakata tu, sipaki."

Nilichovya kidole kwenye sufuria nikakiinua. Tone la kahawia likateremka likawa uzi.

Watu husema ukijua ukweli unapata nafuu. Mimi sikuipata pale. Nilisimama na kile kidole hewani nikawaza jinsi nilivyomkimbia mama yangu, aliyekuwa amelala ndani ya mbao zile akiwa safi, ameoshwa na dada yake kwa sabuni ya mche, kwa sababu ya kwato zilizooza. Nilimwangalia Fundi Mbugua pale mbele akimpigia yule baba hadithi za mahindi yake, akitabasamu lile tabasamu. Aliliona tone lile likivuja kwenye kona ya sanduku la mama. Lazima aliliona, alikuwa fundi. Akafunga kamba, akalipandisha kwenye basi. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule.

Yule msichana alikuwa ameketi kwenye maranda, ameokota ukunjo mrefu wa maranda ya mutarakwa, anauning'iniza sikioni kama hereni. Jioni ile, au kesho yake, kuna mtu angemwambia aweke mkono.

Nilijua unga wetu umo ndani ya ile sufuria. Nilimjua tata, hakuwa na neno la mzaha: Kamau kwa watu wa baba, Nyokabi kwenye nyumba ya Ruiru. Nilifikiria hayo nikiwa tayari nimeinua sufuria kwa matambara. Nikaenda nayo kwenye mtaro wa nyuma, nikaimwaga yote, nikafukia kwa majivu, nikaisugua sufuria kwa mchanga.

Fundi alikuja na brashi yake. "Iko wapi?"

"Nimemwaga."

"Umemwaga nini?"

"Iliyolala."

Alitazama sufuria, akatazama mtaro, akanishika sikio. "Una wazimu? Lori inakuja! Maiti ananusa? Eh? Niambie, maiti ananusa?"

"Hanusi," nilisema. "Yule ndiye atakayenusa." Nikamwonyesha msichana kwa kidole kile kile.

Yule baba aligeuka. "Kunusa nini?"

Sikio langu likaachiliwa. "Hakuna, mzee, hawa watoto wanacheza," Fundi alisema, na tabasamu likamjia nusu. Mbele ya mteja hakuweza kusema alitaka kupaka nini. Mbichi ingechukua nusu siku kulowana. Alisimama na brashi kavu mkononi, jasho likimtoka mvua ikinyesha.

Mutua alikohoa. "Nikikata meno yabane," alisema bila kumtazama mtu, "nipige na vigingi vya mbao kwenye kona, hakuna haja ya gundi. Lakini nisiharakishwe."

Hakuharakishwa. Nilimshikia mbao. Alikata kila jino kwa msumeno mdogo, akalijaribu, akalikwangua kidogo kwa patasi, akalijaribu tena, mpaka likaingia kwa kugongwa na nyundo ya mbao kwa sauti moja nzito, na pale kwenye kiungo ukabaki mstari mwembamba kama wa kalamu. Fundi alikaa pembeni ametuna. Sanduku lilipokamilika lilikuwa jeupe la mbao za saipresi, halina vanishi, halina gundi, na nadhani ndilo kitu cha kweli pekee kilichotoka kwenye banda lile muda wote niliokuwa hapo.

Wakati baba yake anatafuta kamba, yule msichana alilikaribia. Akaweka mkono juu. Kisha, labda kwa uchovu tu, akalaza shavu lake kwenye kona, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka lori ilipopiga honi.

Ilipoondoka, Fundi alinisogelea akasema taratibu, "Sitaki kukuona hapa tena."

Tata alipoisikia habari hiyo alikuwa akichagua maharagwe. "Kwa hiyo umemwaga chakula cha ndugu zako," alisema. Hakupaza sauti. Alimwita Nyokabi, akamwambia afunge nguo zake kwenye shuka. Nyokabi akaanza kulia. Kamau akalia kwa sababu Nyokabi analia.

"Tata," nilisema, "ile harufu ya mama ilikuwa gundi."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Fundi hupaka masanduku ya maiti gundi iliyooza. Leo nimeifungua ilikuwa ile ile. Hata kile kilichokuwa kinavuja. Haikuwa mama."

Kisha akaweka ungo chini, akajifunika uso kwa kanga yake. "Nilimwosha kwa mikono yangu," alisema ndani ya kanga. "Nikasema, nimemwoshaje dada yangu hata ananuka hivi? Kila nikimwombea nilikuwa nafikiria hivyo." Akajipangusa pua, akatazama mlango kama anayemwona mtu hapo, akatema mate kwenye jivu la jiko. "Na nilimshukuru yule mtu! Nilimpa mkono!"

Nyokabi hakuambiwa afungue lile furushi, lakini hakuambiwa tena alifunge.

Nilizunguka Thika nikitafuta kazi. Popote nilipoingia waliniambia nisubiri nje, upepo unakoelekea. Tulikula uji mwembamba. Kisha, asubuhi moja, mlango ulizibwa na kivuli, na alikuwa Fundi Mbugua, kofia amevaa, amesimama mbali kidogo kana kwamba chumba chetu ndicho kinachonuka.

"Wee Kwato," alisema. "Moto haujawashwa."

Baadaye Mutua alinisimulia. Fundi alikuwa amemwajiri kijana mmoja, ambaye alitapika kwenye mbao za kabati la mwalimu akakimbia. Wa pili hakumaliza kusuuza ngozi. Mutua mwenyewe aliambiwa akoroge, akasema yeye aliajiriwa kukata. Katika Thika yote hakupatikana mtu mwingine wa kuweza kusimama juu ya ile sufuria kutwa nzima. Nilikuwa mimi tu.

Tata hakuinuka kumsalimia. Alitazama vidole vyake mwenyewe vya miguu.

"Nitakuja," nilimwambia Fundi. "Lakini iliyolala itamwagwa."

"Itamwagwa na nani?"

"Na mimi. Kila mara. Hata kama ni sanduku la nani."

Alitafuna kitu ambacho hakikuwemo mdomoni. "Njoo mapema," alisema, akaondoka.

Niligeuka kuchukua gauni langu la kazi kwenye msumari. Chini yake palikuwa na kile kitambaa cha buluu. Sikuwa nimekigusa tangu Gitothua. Sasa nilijua hakuna cha kuogopa, kwamba mama hakuwa amenuka hata siku moja, na kwamba kama amebaki mahali popote basi amebaki humo: majani ya kahawa, moshi, sabuni. Nilikishusha kwa mikono miwili nikauzika uso wangu wote ndani nikavuta pumzi.

Kwato. Chokaa na kwato, mpaka kwenye pindo. Gauni langu lilikuwa limelala juu yake kila siku, muda wote huo, nalo lilikuwa limemla mama yangu mzima.

Nadhani nilitoa sauti, kwa sababu Kamau alikuja akanyoosha mkono. Nilimpa. Akakiweka puani kama alivyoniona nikifanya, akanusa kwa bidii, akakishika kwa nguvu.

"Kinanuka nini?" nilimuuliza.

"Wewe," alisema, na alipoona nataka kukichukua nikakifue, akakificha nyuma yake akakataa.

Nilitema mate mlangoni, pale Fundi alipokuwa amesimama, nikavaa gauni langu, nikaenda kuwasha moto.